Punguza Upepo



Kabla hujaendelea kusoma, chukua Biblia yako uiweke karibu. Leo tutapitia Mithali 15:1, Wakolosai 3:21 na 1 Wafalme 19. Si mahubiri marefu. Ni ushuhuda, na ndani ya ushuhuda huu mimi si shujaa.

Wiki jana dada mmoja wa kanisani alinikuta pale steji nikisukuma baiskeli, nimejaa matope kutoka kichwani hadi viatuni. Akaniangalia, akacheka, kisha akaniuliza, "Pasta, kwani huko msituni unaendanga kutafuta nini na hiyo baiskeli?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba naenda kutafuta kondoo waliopotea. Tukacheka wote wawili, akaenda zake sokoni.

Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba nimemjibu ukweli bila kukusudia. Dada yangu, kama unasoma hapa leo, jibu lako kamili ni hili.

Mwaka jana mwezi wa Januari nilimsindikiza mama mmoja wa ushirika wetu hospitalini. Tukiwa tunangoja, muuguzi akasema, "Na wewe Pasta, lete mkono tupime presha." Nikanyoosha mkono nikitabasamu, kama mtu anayefanyiwa upendeleo. Mashine ikasoma 168 kwa 104. Muuguzi akadhani mashine imekosea, akanipumzisha dakika chache, akarudia. Ikasoma karibu vile vile. Nikapelekwa kwa daktari. Daktari akanipa vidonge, akanikataza chumvi nyingi, na akaniambia nitafute zoezi ambalo nitalifanya kila wiki na si mara moja kwa mwaka.

Nataka unisikie vizuri hapo. Mimi ni mtumishi wa Mungu ambaye nimeombea wagonjwa na nimewaona wakiinuka. Na vidonge vyangu ninavimeza kila siku. Usije ukasimama mbele yangu ukisema kwa imani umetupa dawa. Mungu anayeponya ndiye aliyempa daktari akili. Tumeelewana?

Sasa, zoezi gani? Magoti yangu hayataki mbio. Lakini kule stoo, nyuma ya magunia ya makaa, kulikuwa na baiskeli ya milimani ya kijana wangu wa kwanza. Ni mtumba, yenye shokapu mbele na tairi pana zenye meno. Alikuwa ameinunua kwa pesa yake mwenyewe, na alipoondoka nyumbani aliiacha. Kwa nini aliondoka, nitakwambia. Usiniharakishe.

Nikaitoa, nikaipanguza vumbi, nikatia mnyororo mafuta, nikaanza.

Wewe unayenijua kwa suti na tai, hujui maisha yangu ya asubuhi. Siku zangu za baiskeli ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Jumatatu ndiyo ndefu, kwa sababu wachungaji wengi hupumzika siku hiyo. Natoka saa kumi na mbili kasorobo, kabla wanafunzi hawajajaa barabarani. Huku kwetu Limuru ni juu, zaidi ya mita 2,000, na mwezi wa saba ukungu unashuka hadi huoni hatua ishirini mbele. Vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Napita katikati ya mashamba ya majani chai upande wa Tigoni, ambapo njia ni udongo mwekundu, na ukipita baada ya mvua, matope yanajikusanya kwenye magurudumu mpaka baiskeli inakataa kuzunguka. Unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa.

Nikiwa na muda naenda mpaka msitu wa Kereita. Huko ndiko kuna njia nyembamba zenye mizizi na mawe, zinazopanda na kushuka, na pale miti inapoachana unaona Bonde la Ufa lote chini yako na mlima Longonot umesimama peke yake. Nimeomba mahali pengi, lakini pale huomba bila kupangia maneno.

Wachumaji wa majani chai wamenizoea. Mwanzoni walinyamaza nikipita, wakidhani nimepata wazimu. Sasa wananiita, "Pasta wa baiskeli! Leo utaanguka wapi?" Watoto hunikimbiza hadi mwisho wa kijiji chao. Mbwa pia, lakini hao si kwa upendo. Na wazee wa kanisa waliwahi kuniita kikao kuhusu zile kaptula za kubana. Niliwasikiliza, nikakubali kuvaa kaptula pana juu yake, na amani ikarudi kanisani. Mama Pasta yeye ana sheria moja tu: matope yasivuke mlango wa jikoni.

Hayo ndiyo maisha yangu ya baiskeli. Hakuna mashindano, hakuna medali. Ni mwanamume wa miaka 54, kilo 88, anayehema kwenye kilima.

Sasa twende kwa Neno.

Nilipoanza kuendesha, jambo la kwanza nililofanya ni kujaza tairi upepo. Ubavuni mwa tairi imeandikwa namba, 65, nami nikaona hiyo ndiyo amri. Nikajaza mpaka 60. Nikabonyeza kwa kidole, tairi likawa gumu kama ubao. Nikafurahi. Nilijiambia kwamba tairi gumu ndilo tairi lenye nguvu.

Mpendwa, kwa miezi mitatu niliteseka. Kila jiwe dogo lilinirusha. Meno yaligongana. Mikono ilinitetemeka hadi nikifika nyumbani sikuweza kushika kikombe cha chai. Nikipanda kilima chenye changarawe, gurudumu la nyuma lilizunguka bure bila kushika, nami nikalazimika kushuka na kusukuma. Nililaumu barabara. Nililaumu serikali ya kaunti. Nililaumu hata baiskeli. Kitu pekee ambacho sikukilaumu ni upepo niliouweka mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Mwezi wa nne, mvua ilipokuwa imeanza, nilikuwa nashuka mahali fulani kule Kereita penye mizizi mikubwa inayokata njia. Tairi la mbele liligusa mzizi uliolowa, likateleza kama sabuni, na nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimelala nikitazama matawi. Kiwiko kilichubuka vibaya, bega likavimba, na usukani ukapinda. Ashukuriwe Mungu kwa helmeti. Kama una kijana anayeendesha baiskeli au boda bila helmeti, mwambie pasta amesema.

Nikasukuma baiskeli mpaka kwa fundi. Ni mzee mmoja anayetengeneza baiskeli na pikipiki kando ya barabara, mtu wa maneno machache. Akanyoosha usukani, kisha kabla hajafanya kingine, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Akanitazama.

"Pasta, ni nani alijaza hii?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha ile namba ubavuni. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya kukuambia usipite hapo. Haijasema ufike hapo."

Akafungua vali, na upepo ukatoka kwa muda mrefu mpaka nikaogopa. Akapima kwa geji: 30 nyuma, 27 mbele. Nyuma zaidi kidogo, akasema, kwa sababu uzito wa mwili uko nyuma. Nikamwambia tairi sasa limekuwa laini sana. Hapo ndipo alinieleza, na nimeyatafakari maneno yake tangu siku hiyo. Alisema tairi gumu linagusa ardhi kwa sehemu ndogo sana, kwa hiyo halina pa kushikia. Likikutana na jiwe, haliwezi kulipisha, linarushwa. Ukilipunguzia upepo kidogo, linajitandaza, linagusa ardhi kwa sehemu kubwa, na likikutana na jiwe linabonyea, linalizunguka, linapita, halafu linarudi katika umbo lake.

Jumatatu iliyofuata, bega likiwa bado linauma, nilirudi pale pale. Nikashuka polepole. Tairi likashika. Mzizi ule ule, tope lile lile, mtu yule yule. Nilifika chini nikasimama, na badala ya kushangilia, nikaketi juu ya gogo. Roho Mtakatifu alikuwa ameniuliza swali ambalo sikulitaka: Je, nyumbani kwako uliweka ngapi?

Sasa nikwambie kwa nini kijana wangu aliondoka.

Alikuwa chuoni akisomea uhasibu. Mimi ndiye niliyemchagulia. Mwaka juzi, mwezi wa tano, alikuja nyumbani akaniambia, kwa heshima, nakiri, kwa heshima kabisa, "Baba, mimi uhasibu umenishinda moyoni. Nataka kufanya kazi ya baiskeli. Kutengeneza, na kuongoza wageni." Nilimwambia baiskeli haijawahi kulisha mtu. Fikiria niliyasema hayo nikiwa Limuru! Pale Kikuyu, jirani zetu, David Kinjah amewalea vijana wengi katika mchezo huu, na mmoja aliyepitia mikononi mwake, Chris Froome, alikuja kushinda Tour de France mara 4. Sikuwa nasema kwa kujua. Nilikuwa nasema kwa presha. Niliona wazee wa kanisa watasema nini, niliona karo niliyolipa, niliona jina langu.

Kama ningeishia nyumbani, labda tungepatana. Lakini Jumapili iliyofuata nilipanda madhabahuni, nikafungua Biblia, nikahubiri juu ya wana waasi. Sikutaja jina. Hakukuwa na haja. Kanisa zima liligeuza shingo kutazama kiti cha tatu kutoka mbele, upande wa kushoto. Watu walisema "Amina!" na mimi nikaongeza sauti. Niliona kichwa chake kikiinama, nikadhani ni toba.

Jumatatu asubuhi hakuwepo. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeoshwa. Alipata kazi Naivasha, kwa watu wanaokodishia wageni baiskeli za kuingia hifadhi ya Hell's Gate. Naivasha! Kutoka kwetu ni safari ya matatu moja. Na kwa miezi 11 mimi na yeye hatukuzungumza. Alimpigia mama yake. Nikisikia jina lake likiitwa kwenye simu, nilitoka nje kama mtu mwenye shughuli.

Mpendwa, nilikuwa nikifunga na kuomba Mungu ambadilishe. Miezi 11 namwomba Mungu ailainishe barabara, na tairi langu liko 60.

Fungua Mithali 15:1. Sulemani anatufundisha kwamba ukimjibu mtu kwa upole hasira inapoa, na ukimchoma kwa maneno unaongeza kuni motoni. Fungua Wakolosai 3:21. Paulo anawageukia akina baba, anawaonya wasiwasumbue watoto mpaka wakavunjika moyo. Mimi nimehubiri mstari wa 20, ule wa watoto kutii, mara nyingi sana. Mstari wa 21 upo chini yake tu, kwenye ukurasa ule ule, na sikumbuki kama niliwahi kuuhubiri.

Kisha nenda 1 Wafalme 19. Elia yuko mlimani, amechoka, amekata tamaa. Ukapita upepo mkali wa kupasua miamba, na Biblia inasema Bwana hakuwa ndani ya upepo ule. Likaja tetemeko, hakuwemo. Ukaja moto, hakuwemo. Baada ya hayo ikaja sauti ndogo, ya utulivu, na hiyo ndiyo iliyomtoa Elia pangoni. Sisi Wapentekoste tunapenda upepo na moto, nami napenda pia. Lakini ona ni nini kilichomtoa mtu pangoni.

Nikatoka kwenye lile gogo nikaenda nyumbani. Nilitaka kumwandikia kijana wangu ujumbe mrefu wenye mistari ya Biblia. Nikauandika. Nikausoma. Ulikuwa mahubiri mengine. Nikaufuta. Mwishowe nikaandika hivi tu: "Ile baiskeli yako, ulikuwa ukiweka upepo kiasi gani?"

Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu, usiku, simu ikalia mara moja. "28 mbele, 31 nyuma. Wewe ni mzito, ongeza kidogo. Na usijaze kwa pampu ya stesheni ya petroli."

Nilimwamsha Mama Pasta saa tano usiku nikamsomea ujumbe kuhusu upepo wa tairi, na sote wawili tulilia.

Kuanzia hapo tukawa tunaandikiana kuhusu baiskeli. Mnyororo unapiga kelele, nifanyeje? "Umeweka mafuta mengi, pangusa kwa kitambaa kikavu." Breki zinalia. "Picha." Natuma picha. Sikumwambia rudi nyumbani. Sikumwuliza anasali wapi. Kila mara kidole changu kilitaka kuongeza sentensi moja, ile moja tu ya mwisho, na kila mara niliomba neema nikaacha.

Agosti nikamwomba ruhusa nikamtembelee. Nilipandisha baiskeli juu ya matatu Jumatatu asubuhi nikashuka Naivasha. Nilimkuta amevaa ovaroli, mikono imejaa grisi, anawaelekeza wageni wanne namna ya kubadilisha gia. Nikasimama pembeni nikangoja zamu yangu kama mteja. Alipomaliza akanisogelea, akanisalimia kwa mikono miwili. Kabla hajasema lolote, akainama akabonyeza tairi langu. "Huko ndani ni mchanga, Baba." Akalipunguza kidogo. Kisha akasema, "Leo sikutozi. Lakini kiingilio cha hifadhi ulipe mwenyewe."

Kama hujawahi kwenda Hell's Gate, nenda. Ni kati ya hifadhi chache nchini ambazo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Unapita mnara wa mwamba unaoitwa Fischer's Tower, kuta za mawe mekundu ziko pande zote, na pundamilia wanakutazama unavyohema. Wapo nyati pia, hao usiwasogelee. Mchanga ni laini, na pale nilipotarajia kuzama, tairi lilipita.

Tulipopumzika kivulini nilimwambia, "Kijana wangu, nilikukosea. Nilitumia madhabahu ya Mungu kukupiga. Naomba unisamehe." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo kwenye matatu kutoka Limuru.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, ulinisema mbele ya watu mia mbili. Msamaha unaniomba mbele ya pundamilia."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki. Ndiyo maana wale mliokuwepo Jumapili ile ya Agosti mlimwona mchungaji wenu akishuka madhabahuni, akisimama pale chini mlipo ninyi, na kutubu. Baadhi yenu mliniambia nimejivunjia heshima. Huenda. Lakini jioni ile simu ililia, na safari hii hakuwa ameandika kuhusu tairi. Aliandika, "Mama amenitumia video. Asante, Baba."

Ningependa kukwambia kwamba sasa anaimba kwaya. Bado. Hajarudi kanisani kwetu. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, tunaendesha pamoja, ananiacha nyuma kwenye vilima halafu ananingoja juu. Kuna Jumamosi huwa ulimi unaniwasha nimwambie kesho ni ibada. Namwachia Mungu hiyo. Nimemwomba ruhusa kuandika haya yote. Amesema niandike, mradi nisitaje jina lake.

Sasa nigeukie kwako, mpendwa.

Presha yako ni ngapi? Wewe mama ambaye binti yako akifika mlangoni anaanza kwa kujitetea kabla hujauliza chochote, umeweka ngapi? Wewe mume ambaye ukiingia nyumbani watoto wanazima kicheko, umeweka ngapi? Wewe mzee wa kanisa, wewe kiongozi wa kwaya, wewe mwajiri ambaye msichana wa kazi hutetemeka akivunja glasi? Unasema watu ni wagumu, njia ni mbaya, kizazi hiki kimeharibika. Huenda ni kweli. Njia huwa na mawe. Lakini bonyeza tairi lako kwanza.

Najua kuna mtu atasema, "Pasta, basi tuache dhambi ipite?" Hapana. Sikiliza mambo mawili ambayo baiskeli imenifundisha hapo.

La kwanza, upepo ukipungua kupita kiasi, tairi linapogonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na inatoboka matundu mawili sambamba kama umeumwa na nyoka. Limenipata, nikatembea karibu saa mbili. Mzazi asiye na msimamo wowote hufikia hapo hapo. Kwa hiyo usitoe upepo wote.

La pili, fundi hakuigusa rimu. Rimu ni chuma, haibonyei, na bila rimu hakuna gurudumu. Neno la Mungu ni rimu. Sikubadilisha ninachoamini hata kidogo ili nipatane na mwanangu. Kilichopungua ni hewa, na hewa ile haikuwa ya Mungu. Ilikuwa kiburi changu, na hofu yangu ya watu watasema nini.

Na jambo hili si la mara moja. Tairi unalipima kila wiki. Ukiiacha baiskeli juani, presha inapanda bila wewe kugusa pampu. Jua saa ambazo jua linakuwakia: mwisho wa mwezi, Januari ya karo, jioni ukitoka kazini umechoka. Saa hizo usifanye vikao vya familia. Kila ninapotoka asubuhi nabonyeza tairi la mbele na la nyuma kwa kidole gumba, na nikifanya hivyo naomba, "Bwana, na mimi nipime."

Wiki hii nakupa kazi tatu.

Moja: mtafute yule uliyemjazia upepo mwingi. Usianze na mahubiri. Muulize swali dogo kuhusu kitu anachokipenda yeye, halafu ungoje jibu, hata likichukua siku tatu.

Mbili: kama ulimkosea mbele ya watu, tubu mbele ya watu.

Tatu: nenda ukapime presha ya mwili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usinyamaze nayo, muone daktari. Presha ya damu mara nyingi haina dalili yoyote. Mimi nilikuwa nikitabasamu.

Na wewe ambaye ndiye uliyegongwa na mtu mgumu, baba, mama au hata mchungaji: sikulazimishi leo usamehe. Nakuombea tu ujue kwamba ugumu ule haukuwa sauti ya Mungu. Yesu anajieleza mwenyewe katika Mathayo 11:29 kuwa mpole na mnyenyekevu wa moyo. Kama uliyemsikia hakuwa hivyo, bado hujamsikia Yeye.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako tukiwa tumejaa. Tumejaa hasira tuliyoiita bidii, na kiburi tulichokiita msimamo. Fungua vali, Bwana. Toa kilicho chetu, ubakize kilicho chako. Mkumbuke mzazi aliyeshika simu asijue aandike nini. Mpe swali moja dogo. Mkumbuke mtoto aliye mbali, umlinde barabarani. Turudishie nyumba zetu. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba na kuamini. Amina.

Kama Neno hili limekugusa, andika AMINA hapa chini, halafu uweke simu chini uende ukampigie mtu. Ibada ya Jumatano ni saa kumi na moja jioni kama kawaida. Nikichelewa dakika tano mnisamehe. Nitakuwa naosha matope.